Kilo Mbili na Nusu

Boksi lilishuka na basi la Dar, saa nne usiku.
Konda alilinyanyua kwa vidole viwili:
"Kaka, umeagiza hewa?"

Mimi ni karani wa mizani, ghala la ushirika, Newala.
Msimu mzima nasoma mshale:
gunia, jina, kilo; gunia, jina, kilo;
na nyuma ya kila jina jicho linalosema
mizani hii inakula.
Haijala. Ila lile jicho nimelizoea.

Asubuhi, kabla wakulima hawajafika,
nikailaza fremu juu ya sahani ya chuma.
Mshale haukutingishika.
Nikaenda kwa Asumini kuazima ile ya kupimia sukari:
kilo moja na gramu themanini.
Tangazo lilisema mia tisa hamsini.
Nikacheka peke yangu.
Kumbe na huko wapo.

Nyeusi, haina nembo, haina hata jina la mji.
Bei yake: mikorosho kumi na minne ya Mnyambe,
malipo ya pili yote,
na kideni kwa shemeji ambacho tusikitaje hapa.

Baba akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kibuyu kikavu.
"Plastiki?"
"Nyuzi za kaboni, baba."
"Nyuzi."
Akaligeukia Foniksi lake ukutani,
lile lililoteremka bondeni na madumu manne
miaka ile maji yakipatikana kule chini tu,
akarudi nalo akilisukuma, kifua kikigusa usukani.
Hakuongeza neno. Aliguna tu, puani.

Vipande vikaja kama wageni wa msiba, kila kimoja na siku yake.
Gia za mtumba kutoka Mtwara mjini.
Gololi za pedeli, wiki sita forodhani.
Sikio la kushikia gia halikuja kabisa;
alilichonga Ndembo, mchomeleaji wa stendi,
kutoka kava la injini ya bodaboda iliyokufa.
Ndembo aliizunguka fremu akitafuta mshono.
"Haina pa kuchomelea," akasema,
kama mtu anayemsema marehemu.
"Ikivunjika, usije kwangu."

Shingo ya foku ilikuwa ndefu, lazima ikatwe.
Nilipima mara tatu.
Mara ya nne nilipima kwa sababu mkono ulikataa.
Msumeno, kitambaa kilicholowa,
vumbi jeusi lisilonuka chuma wala mti.

Kisha boliti.
Pembeni, maandishi madogo kama chungu: nyutoni mita tano.
Ukizidisha inalia tik,
na mikorosho kumi na minne imeanguka kwa mpigo.
Spana inayojua kipimo ni ghali kuliko Foniksi zima.
Ndembo alisema, "Kaza mpaka ikaze."
Sikulala.

Alfajiri nikaichukua mizani ya ndoana, ile ya kuning'inizia kuku,
nikaifunga kwenye spana,
sentimita ishirini kutoka boliti,
nikaanza kuvuta.
Baba akachuchumaa, ndiye msomaji:
"Moja. Moja na nusu. Mbili.
Mbili na robo, polepole we mtoto.
Mbili na nusu. Acha!"
Na safari hii mwenye lile jicho ni mimi.
"Una hakika, baba?"
Hakunitazama.
"Mizani hii haili."

Jumapili ilisimama yenyewe mlangoni, imeegemea Foniksi.
"Inabeba madumu mangapi?"
"Hata moja."
"Inabeba nini basi?"
"Mimi."
Akafikiri.
"Kilo ngapi?"
"Sitini na nane."
Akaiandika hewani kwa kidole, kama deni.

Nikateremka.
Lami ya mlimani haikunipa nafasi ya kuwaza,
upepo masikioni, machozi yakienda nyuma,
bonde lote la Ruvuma upande mmoja, sikulitazama.
Nilitazama boliti.

Kupanda, gia ya nne ikaruka, ya tatu ikaruka,
sikio la Ndembo likapinda likasalimu.
Nikashuka.
Nyepesi, ndiyo. Lakini mlima ni uleule.
Nikaisukuma mpaka juu,
kifua kikigusa usukani.